Kinga ya Mashine Namba Mbili

Jumatatu asubuhi pini zilizidi kwa moja.

Nelima alizihesabu mara mbili. Kadi ya stoo ilisema kwamba Ijumaa jioni ziliingia pini kumi na mbili za trela ya trekta. Kwenye sinia zilikuwa kumi na tatu. Kwa miaka sita alikuwa ameweka vitabu vya karakana ya Kipsang, pale Kibomet mjini Kitale, na alichozoea ni vitu kupungua. Shaba hupungua. Visu vya kukatia chuma hupungua. Hata sabuni ya kunawia mikono hupungua. Hakuna mtu anayeingia stoo ili aongeze.

Pini ya kumi na tatu ilikuwa nyembamba kuliko zile nyingine, urefu wake kama kidole cha shahada. Aliishika, akaiachia. Ilikuwa na joto, kama chuma kilichotoka kwenye mashine dakika hiyo. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi na stima ya karakana haijawashwa.

"Kipchirchir," aliita. "Umekereza kitu leo?"

Kipchirchir, fundi pekee aliyebaki, alikuwa mlangoni akivaa ovaroli.

"Leo? Hata chai sijakunywa, bana. Ama unataka kuniandikia ovataimu?"

"Kuna pini imezidi."

"Si hiyo ni baraka. Andika Mungu ameleta."

Nelima aliandika: *Pini 1, asili haijulikani.*

Jumanne asubuhi kulikuwa na pini nyingine, pacha wa ile ya kwanza, nayo ina joto. Jumatano yalikuwa mabano mawili ya chuma, yamepigwa tupa kingo zake zote hata zisikwaruze mkono. Siku hiyo Kipchirchir hakufanya mzaha. Aliyageuza mabano kwenye kiganja kwa muda mrefu.

"Hii mkono naijua," alisema kwa sauti ya chini.

Nelima pia aliujua. Katika karakana ile alikuwepo fundi mmoja tu aliyepiga tupa kingo ambazo mteja hatazigusa kamwe. Aliitwa Wekoye. Alikuwa amekufa tangu Machi, na huu ulikuwa mwezi wa Agosti.

Alifia kwenye Mashine Namba Mbili, kerezo la zamani la kuchongea chuma, lililosimama pembeni ya ukuta wa nyuma. Tangu siku hiyo lilikuwa limefunikwa turubai na hakuna aliyetaka kulitumia. Kichwa chake, kile kinachoshika chuma na kuzunguka nacho, hakikuwa na kinga. Kinga ni bamba la chuma lenye bawaba, linalofunika kichwa ili nguo ya fundi isinaswe. Wekoye aliiomba mara tatu kwa maandishi. Mara zote tatu Kipsang alisema itatafutwa.

Alhamisi saa tisa mchana stima ilipotea Kibomet yote. Mashine Namba Moja ilipunguza mwendo, ikalia, ikanyamaza. Kipchirchir aliketi juu ya ndoo akasubiri. Nelima alikuwa kwenye kiofisi chake cha mbao, dirisha likitazama ndani ya karakana, anajaza kadi za kazi. Kwanza ilimjia harufu ya maziwa, ndivyo mafundi wanavyoyaita yale maji meupe yanayomwagiwa chuma ili kisipate moto, lakini haya yalikuwa yameoza, na ndani ya ule uozo kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Kisha ukaja mlio, mdogo mwanzoni, wa kisu kinachokula chuma taratibu, mlio ambao mtu aliyefanya kazi karakana hauchanganyi na mwingine, nao ulitoka pembeni ya ukuta wa nyuma, chini ya turubai, na turubai lenyewe lilikuwa linapumua, linaingia na kutoka, kama kitambaa juu ya mdomo wa mtu aliyelala.

Kipchirchir alisimama. Ndoo ilianguka. Mlio haukukoma.

"Nelima," alinong'ona. "Hiyo waya yake nilikata mwenyewe. Mwezi wa nne."

Walitoka nje wakasimama barabarani mpaka stima iliporudi. Iliporudi, mlio ulikoma.

Kipsang aliposimuliwa alivuta kiti akaketi. Alikuwa mtu wa miaka sitini, alianza na jiko la kuyeyushia chuma na mikono yake, na kila jambo alilolishughulikia alilichukulia kama mashine iliyoharibika.

"Hiyo ni jini," alisema. "Kuna watu hapa mjini hawalali juu ya hii biashara yangu. Mtu ameenda Mombasa, amenunua jini, amerusha hapa."

"Jini ya kututengenezea mabano, Boss?" Nelima aliuliza.

"Itaanza na mabano. Pia mwizi huanza kwa kusalimia."

Ijumaa alileta pasta. Pasta aliomba kwa saa nzima, akazunguka karakana na chupa ya mafuta ya zeituni, akapaka milango, akapaka Mashine Namba Moja. Kipsang, aliyekuwa amefumba macho, alifumbua moja.

"Pasta, usipake kwa mkanda, tafadhali. Itateleza."

Turubai lilifunuliwa. Pasta akadondosha mafuta juu ya kichwa cha Mashine Namba Mbili. Mafuta yalichemka, yakatoa moshi, yakakauka. Pasta alitazama kile chuma, akatazama chupa yake, akasema ana ibada nyingine Matisi.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na bamba juu ya meza ya stoo, limekunjwa kwa mviringo wa nusu pipa. Nelima alichukua rula, kwa kuwa kupima ndiyo iliyokuwa kazi yake. Urefu ulikuwa milimita mia tatu na kumi na saba.

Alipima tena. Kisha akafunga mlango wa stoo kwa ndani.

Mwezi wa Machi, siku mbili baada ya kifo, Kipsang alimwekea mbele kitabu kipya cha karakana, bado kina harufu ya duka. Mkaguzi wa kazi alikuwa anakuja. "Andika yote upya tangu Januari," alimwambia. "Lakini kinga iwepo. Na Wekoye asiwepo kazini." Nelima alisitasita. Kipsang akasema neno alilolipenda: "Karatasi haina mdomo, Nelima. Inasema kile tumeipatia." Ndipo akaandika. Ili kinga ionekane ya kweli aliiorodhesha sehemu kwa sehemu, kwa mpangilio: pini za bawaba mbili, mabano mawili, bamba moja, skrubu nne. Kwenye bamba alihitaji kipimo. Hakukuwa na bamba la kupima. Aliandika namba ya kwanza iliyomjia kichwani, namba ya ploti yake kule Matisi. Mia tatu na kumi na saba.

Hakumwambia mtu. Hakukuwa na cha kuambia. Ilikuwa namba tu.

Sasa alikifungua kile kitabu na kuweka kidole kwenye orodha. Pini, Jumatatu na Jumanne. Mabano, Jumatano. Bamba. Zilikuja kwa mpangilio alioandika yeye. Zilibaki skrubu.

Jumatatu iliyofuata kinga ilikuwa imefungwa juu ya kichwa cha Mashine Namba Mbili, skrubu nne zimekazwa, inafunguka na kufunga bila sauti. Kipsang aliifungua na kuifunga kama mtoto na dirisha la gari.

"Haya. Si tulisema kinga iko? Iko." Aliangalia pembeni. "Mambo ya jini tumemaliza. Mavuno yanakuja, watu wa mashine za kupura mahindi wataanza kusumbua. Kipchirchir, unganisha waya. Jumamosi mchana unafanya kazi hapa, ile oda ya pini za trela."

Nelima hakusikia yaliyofuata. Alikuwa anaona ukurasa wa kitabu, mstari ulio chini ya orodha ya kinga. Alikuwa ameuandika kwa kalamu ileile: *Jumamosi mchana, Mashine Namba Mbili. Mwendeshaji: Kipchirchir.*

Jumatano Kipchirchir aliunganisha waya. Swichi kuu ilikuwa imezimwa, na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa Nelima. Kipchirchir aliinama kukaza skrubu ya mwisho ya waya, na kichwa cha mashine kikazunguka, mzunguko mmoja, polepole, kikavuta mkono wa ovaroli yake mpaka kiwiko, kikasimama. Hakikukata. Kilimshika tu. Ilibidi Nelima achukue mkasi na kukata kitambaa, na walipokuwa wanakata wote wawili walisikia, karibu sana, mtu akivuta pumzi kupitia puani kama anayengoja zamu yake.

Nje, chini ya ukuta, ndipo Nelima alipomwambia Kipchirchir. Siku ile ya Machi Kipchirchir alikuwa kwake Matisi, anafua nguo. Kitabu kilisema alikuwa kazini.

"Uliniandika?"

"Boss alitaka jina la mtu aliye hai."

"Na mimi ndiye uliona niko hai sana." Kipchirchir alitazama mkono wake uliobaki uchi. "Ulimwandika nini yeye?"

Nelima aliyajua maneno yale kwa moyo. *Wekoye alitoka saa sita na nusu. Saa nane alirudi bila ruhusa, Kipchirchir akiwa ameenda chai, akafungua kinga, akaanza kukereza chuma cha wizi. Shahidi: Nelima, aliyeona kwa macho yake.*

Kweli ilikuwa fupi zaidi. Kipsang alimwagiza Wekoye abaki amalize oda. Wengine walienda nyumbani. Nelima alirudi saa tisa kufunga stoo, akamkuta.

"Hiyo kitu inafanya vile umeandika," Kipchirchir alisema. "Kinga uliandika, imekuja. Sasa inakuja kwangu. Futa, Nelima. Mbele ya Jumamosi. Nakuomba kama dada yangu."

Alhamisi Nelima aliomba ruhusa akaenda Bungoma.

Boma la Wekoye lilikuwa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya reli. Mjane wake, Agneta, alikuwa anaanika maharagwe, mtoto wa miezi minne mgongoni. Mtoto alikuwa analia, si kilio cha njaa, kilio kisicho na machozi. Kaburi lilikuwa kando ya migomba. Saruji yake ilikuwa imepasuka.

"Mama Barasa," Nelima alisalimia, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake.

"Karani," Agneta alijibu. Hakumpa kiti.

Nelima alisimama. Mara ya mwisho kusimama pale ilikuwa siku ya maziko. Kama ilivyo desturi, mtu wa kazini huitwa asome habari za marehemu kazini. Yeye ndiye aliyetumwa. Alisoma karatasi aliyoandikiwa na Kipsang, mpaka mahali pa chuma cha wizi, mbele ya mashemeji wa Agneta, mbele ya kanisa, mbele ya jeneza.

"Ulisoma vizuri," Agneta alisema, kana kwamba alikuwa anaifuata fikra yake. "Sauti ilifika mpaka kwa jirani. Ukasema pole. Ukakunywa chai yangu."

"Nimekuja juu ya hiyo."

"Ngoja." Agneta alimshusha mtoto, akamweka mapajani. "Nafula," alimwambia mtoto. Mtoto alilia. "Wasike. Simiyu." Mtoto alilia. "Wekoye."

Mtoto alinyamaza.

"Umeona? Kwetu unajua mwenyewe, wewe pia ni wa huku. Mtoto akilia hivi, kuna mtu wetu anataka jina lake lirudi nyumbani. Tunaita majina mpaka anyamaze. Huyu alinyamaza siku ya kwanza. Lakini wazee wamekataa. Ati jina la mtu aliyekufa akiiba hatuwekei mtoto, tutaleta wizi kwa boma." Alimrudisha mtoto mgongoni. "Kwa hivyo hana mahali pa kuingia. Huku tumemfungia. Amerudi kazini, si ndiyo? Ndiyo umekuja."

Nelima alitazama saruji iliyopasuka.

"Sitaki maneno yako. Maneno nilishasikia. Nataka ile kitabu iseme. Ukiandika, lete hapa usome, pale tu ulisimama. Wazee nitawaita mimi."

"Nitaandika, Mama Barasa."

"Watu wa kuandika," Agneta alisema, akarudi kwenye maharagwe.

Ijumaa mchana Kipsang alikuwa ameenda Eldoret kutafuta shaba. Nelima alikaa peke yake na kitabu. Alichukua kalamu ileile. Kweli ilihitaji kufuta mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa na jina la Kipchirchir. Wa pili ulisema Wekoye alirudi kuiba. Wa tatu ulikuwa wa shahidi, na chini yake sahihi yake mwenyewe, ile ile aliyomwonyesha mkaguzi mwezi wa Aprili akaapa kwamba ni kweli, naye mkaguzi hakufunua turubai.

Aliufuta wa kwanza. Juu yake aliandika: *Mwendeshaji: hakuna.*

Halafu kalamu ilisimama. Aliwaza juu ya mkaguzi. Aliwaza juu ya polisi, na wanawe wawili kule ploti mia tatu na kumi na saba, na swali ambalo wangeulizwa shuleni. Alijiambia kwamba amekwisha kumwokoa mtu aliye hai. Alijiambia kwamba aliyekufa anaweza kungoja kidogo. Mistari miwili aliiacha, akafunga kitabu, akampigia Kipchirchir.

"Nimefuta."

"Yote?"

"Jina lako halipo."

"Asante," Kipchirchir alisema. "Lakini mimi sirudi huko. Mwambie Boss nimeenda nyumbani mlimani kulima vitunguu."

Jumamosi Kipsang alitukana mpaka saa sita na nusu, akaondoka. Nelima alikuwa amepanga kuondoka naye. Alipochukua mkoba aligundua kwamba ameketi. Alijiambia asimame. Alibaki pale kwenye kiti chake cha kiofisi, uso kwenye dirisha, mikono juu ya kitabu, na saa ya ukutani ikaenda mpaka saba, mpaka saba na nusu, mpaka nane kasoro dakika moja.

Saa nane lango la mabati lilisogea.

Wekoye aliingia akiwa na ovaroli yake, akitembea kama mtu anayepita nyumbani kwake na hataki kuamsha waliolala, na hakutazama kiofisi, hakutazama chochote, akaenda moja kwa moja pembeni ya ukuta wa nyuma, akatoa spana mfukoni na kuanza kufungua skrubu za kinga, moja, mbili, tatu, nne, zile zile alizozikereza mwenyewe kwa uangalifu wake, na hapo Nelima akaelewa kwa nini ilibidi kinga itengenezwe kwanza, kwamba kitabu kilisema aliifungua, na mtu hawezi kufungua kinga isiyokuwepo, kisha akaiweka sakafuni taratibu isilie, akasimama mbele ya kichwa kilicho wazi, akaweka mkono kwenye swichi, na kabla ya kubonyeza aligeuza shingo na kumtazama Nelima, si kwa hasira, bali kama fundi anavyomtazama karani ili aone kama ameshika kalamu, na harufu ya maziwa yaliyooza ikajaa kiofisi, na mashine ikaanza, na Nelima akataka kufumba macho, akataka kwa nguvu zake zote, lakini kope hazikushuka, kwa sababu alikuwa ameandika kwamba aliona kwa macho yake.

Aliona.

Saa tisa kulikuwa kimya. Kinga ilikuwa mahali pake, skrubu nne zimekazwa. Sakafu ilikuwa kavu. Nelima alifunga stoo, akaenda nyumbani.

Jumatatu alifungua kitabu na kalamu ili afute ile mistari miwili. Wino haukushika. Aliandika juu yake kwa kalamu tatu, kisha kwa penseli, na karatasi ilibaki kama ilivyokuwa, kana kwamba anaandika juu ya kioo. Kurasa nyingine zilishika wino vizuri. Jumamosi iliyofuata, saa nane, lango la mabati lilisogea tena.

Baada ya wiki tano Agneta alipiga simu. Hakuuliza chochote. "Tumempa mtoto jina lingine," alisema. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. "Ulisema utaandika." Akakata.

Hesabu haikuzidi tena, wala kupungua. Mwanzoni mwa Novemba mkaguzi alirudi. Alipima kinga kwa rula, akalinganisha na kitabu, akatabasamu.

"Mia tatu na kumi na saba. Mzee, hii karakana ingekuwa mfano. Watu huniandikia vitu ambavyo haviko."

"Sisi kile tumeandika kiko," Kipsang alisema.

Mkaguzi aligeuza kurasa mpaka ile ya Machi. Alisoma, akaelekeza kalamu kwa Nelima.

"Na hapa kwa shahidi. Ni wewe? Uliona haya mambo kwa macho yako?"

Ilikuwa Ijumaa. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nane.

"Niliona," Nelima alisema.

Mkaguzi aliweka alama ya vema na kugonga muhuri. Hakuuliza mara ngapi.